Maswali na Majibu ya Mafundi: Pima Maji Kabla ya Kuongeza Gesi

Maswali ya mwezi huu yametoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Busia, na yote yanahusu chila, ile mashine ya kupoza maji ya kiwandani. Tumeyafupisha bila kubadilisha hoja. Vipimo vyote vya joto ni vya sentigredi.

Hamjambo mafundi. Mwalimu wetu wa mitambo alisema kiwanda cha magari hakiwezi kufanya kazi bila chila. Gari huundwa kwa chuma na moto. Baridi inahitajika wapi?
*Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Kisumu*

Hatujambo. Mwalimu wako amesema kweli. Joto likishaingia kwenye chuma, plastiki au mafuta, sharti litolewe kwa kasi ileile linavyoingia. Likibaki, vipimo vinahama na kazi inaharibika. Tufuate bati tangu linapoingia kiwandani.

Kwanza hukutana na presi. Presi ya haidroliki inayokunja milango na boneti hujipashia mafuta yake yenyewe. Mafuta hayo yakae kati ya nyuzi 40 na 55. Yakipita 60 kwa muda mrefu yanakuwa mepesi na kuzeeka mapema, sili zinakauka na presha inashuka. Vipo pia vyuma vya kulinda abiria, kama nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, ambavyo hupashwa hadi nyuzi 900 na zaidi, kisha vikafinywa ndani ya kalibu yenye njia za maji. Chuma hicho chenye boroni kisipopoa kwa kasi ya angalau nyuzi 27 kwa sekunde, hakifikii nguvu yake ya megapaskali 1,500 hivi. Hapa maji ndiyo yanayotengeneza ugumu wenyewe, na njia moja ya kalibu ikiziba, kipande kitatoka na sehemu laini ambayo jicho haliioni.

Kisha kuchomelea. Bodi ya gari dogo huwa na nukta za spoti weldi (kuunganisha mabati kwa nukta za umeme) kati ya 3,000 na 5,000, na kila ncha ya shaba inayopiga nukta hizo ina maji ndani yake. Mashine za leza huhitaji njia mbili za maji, moja ya chanzo cha leza na nyingine ya kichwa chenye lenzi, kila moja na joto lake.

Kwenye rangi, bodi nzima huzamishwa katika hodhi la rangi ya msingi na kupitishiwa umeme wa volti 200 hadi 400. Umeme huo, pamoja na pampu zinazokoroga, hupasha hodhi saa zote. Watengenezaji wa rangi hutaka hodhi likae mahali pamoja kati ya nyuzi 28 na 35, kutegemea aina ya rangi. Likizidi, tabaka huwa nene kupita kiasi na huota vishimo. Baada ya hapo kuna plastiki, ambayo tumeijibu chini, kalibu za aluminiamu za kumimina injini, benchi za kujaribia injini, na sasa vyumba vya kutengenezea betri za magari ya umeme, ambamo hewa hukaushwa hadi kiwango cha umande cha nyuzi −40. Hata ukaushaji huo huanza kwa kupoza hewa kwa maji ya chila.

Viwanda vya kuunganisha magari hapa nchini viko Thika, Mombasa na Nairobi, na kwa sehemu kubwa hupokea vipande kutoka nje. Kuchomelea na kupaka rangi ndiko utakakokuta chila zikifanya kazi. Ukipata nafasi ya mafunzo huko, omba uonyeshwe chumba cha chila siku ya kwanza.

Tunaunda bodi za matatu na basi. Ncha za spoti weldi zinapanuka kama uyoga baada ya nukta chache, na zinanata kwenye bati lenye zinki. Chila ipo na inasoma nyuzi 18. Shida ni nini?
*Fundi wa bodi, Nakuru*

Fundi, kusoma nyuzi 18 kwenye chila hakukwambii lolote kuhusu ncha. Kunakwambia maji ya tangini ni baridi tu. Swali ni kama maji hayo yanafika, na kwa wingi gani.

Zima mashine, chomoa mpira wa maji yanayorudi kutoka kwenye ncha moja, uelekeze kwenye chombo cha lita 1, kisha washa pampu na uangalie saa. Kwa ncha za kawaida za milimita 16, unahitaji angalau lita 4 kwa dakika kwa kila ncha, maana yake chombo kijae ndani ya sekunde 15. Kikichukua sekunde 40, umepata ugonjwa.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kaneli, yaani mrija wa maji ulio ndani ya mshikio wa ncha, ambayo wengi huisahau. Maji yanapaswa kuingia kupitia kaneli hiyo nyembamba, yagonge mgongo wa ncha, kisha yarudi kwa nje yake. Kaneli ikiwa fupi, maji yanageuka kabla ya kufika mwisho na mgongo wa ncha unabaki na kiputo cha mvuke. Inapaswa kukatwa mshazari, nyuzi 45 hivi, ili hata ikigusa mgongo wa ncha isizibe. Angalia pia kama mipira imebadilishwa, ya kuingia ikawa ya kutoka. Mashine itafanya kazi na hakuna atakayegundua, ila ncha zitaisha haraka.

Sababu ya pili ni kuunganisha ncha nyingi kwa mfuatano, maji yakitoka hii yaingie ile, hadi ya nne. Ya mwisho inapata maji ya moto na presha iliyochoka. Zigawe kwa manifoldi, bomba la kugawa maji, kila bunduki ya kuchomelea na njia yake na vali yake.

Zinki nayo ina deni lake. Huyeyuka kwenye nyuzi 419, na ikigusa shaba yenye moto hufanya aloi ya shaba nyeupe juu ya ncha. Aloi hiyo ina ukinzani mkubwa, inazidisha joto, na ndiyo inayonata. Kwa bati la zinki, nyoosha ncha mara nyingi zaidi kuliko kwa bati tupu. Kwa bati la milimita 1, uso wa ncha uwe na kipenyo cha milimita 5. Ukiacha upanuke hadi 6, eneo linaongezeka kwa asilimia 44, mkondo unatawanyika, na nukta inakuwa ganda lililoshikwa juujuu tu. Fundi akiona hivyo huongeza mkondo, ncha inapanuka zaidi, naye anaongeza tena. Tafadhali msiingie mzunguko huo. Bodi ya basi hubeba watu, na nukta isiyoshika haionekani mpaka siku ya ajali. Kila asubuhi chomelea vipande viwili vya bati lilelile na uvitenganishe kwa patasi. Nukta nzima itang'oa kitufe cha chuma kutoka kipande kimoja.

Na ile 18 yenyewe, kwa Nakuru haina neno siku kavu. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa umande kwenye nyuzi 10 au 11. Mwenzako wa Kisumu asiige. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60, umande huanza kwenye 21, kwa hiyo maji ya 18 yatafanya bunduki, transfoma na nyaya zitoe jasho, na maji juu ya umeme ni hatari. Kisumu weka 24.

Nichague chila ya ukubwa gani kwa karakana? Na je, mnara wa kupozea maji hautoshi?
*Mwenye karakana, Industrial Area, Nakuru*

Hesabu ni moja: zidisha lita kwa dakika mara tofauti ya joto kati ya maji yanayotoka mashineni na yanayoingia, kisha zidisha mara 0.07. Jibu ni kilowati. Lita 20 kwa dakika zikirudi na nyuzi 5 zaidi ni 20 × 5 × 0.07, yaani kilowati 7. Tani 1 ya kupoza ni kilowati 3.5, kwa hiyo unahitaji tani 2. Ongeza asilimia 20 hadi 25, usizidishe hapo. Chila kubwa mno huwaka na kuzima kila mara, na kompresa, ile pampu ya gesi, hufa kwa kuwaka, si kwa kukimbia.

Kuhusu mnara, ambao hupoza maji kwa kuyavukiza hewani, swali lako ni zuri na jibu linatofautiana kati ya Nakuru na Kisumu. Funga kitambaa kibichi kwenye kipimajoto na ukipepee. Namba kitakayoshukia ndiyo mpaka wa mnara, nao kwa kawaida hutoa maji yaliyo nyuzi 4 au 5 juu ya hapo. Mchana mkavu wa Nakuru utaona karibu 16, kwa hiyo mnara utakupa 21. Weka kibadilisha joto cha sahani kati ya maji ya mnara na ya mashine, upoteze nyuzi 2 au 3, ubaki na 24. Spoti weldi huridhika kati ya 20 na 30. Kwa kazi hiyo peke yake hatuoni kwa nini ununue chila. Lipia feni na pampu mbili, basi. Kisumu kitambaa kitasoma 24 siku ya unyevu, mnara utoe 28 au 29, na baada ya sahani uko 31. Huko chila inahitajika.

Mnara hunywa maji. Kilowati 7 huvukiza lita 10 hivi kwa saa, na chumvi yote hubaki nyuma. Maji ya visima vya Nakuru yana chumvi nyingi, kwa hiyo mwaga lita 5 kwa saa ili chumvi isizidi mara 3 ya ile ya mwanzo. Tia dawa ya vijidudu kwa ratiba pia, kwa sababu maji vuguvugu yanayorushwa hewani hueneza bakteria wa nimonia.

Chila inazima yenyewe na kuonyesha presha ya chini. Fundi wa friji ameongeza gesi mara tatu. Inapona siku mbili, inarudi. Sasa mchana inazima kwa presha ya juu. Tufanyeje?
*Msimamizi wa kiwanda kidogo, Nakuru*

Msimamishe fundi huyo kwanza. Gesi ya chila haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna inapovuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kutupa pesa na kuchafua hewa. Ila kwa maelezo yako, yaelekea haikupungua hata mara ya kwanza.

Presha ya chini mara nyingi huletwa na maji machache. Yakipita polepole kwenye evaporeta, sehemu ambamo gesi huchemka na kupoza maji, gesi haipati joto la kuichemsha, presha inashuka, swichi inazima. Mtu akiongeza gesi, presha inapanda kidogo na chila inaonekana imepona. Lakini sasa kondensa, sehemu inayotoa joto nje, imejaa gesi ya ziada, na jua likipanda presha ya juu inavuka mpaka. Ndipo mlipo leo. Hatari kubwa zaidi ni maji kuganda ndani ya sahani za evaporeta na kuzipasua. Maji yakiingia upande wa gesi, kompresa imekwisha.

Fuata mpangilio huu. Angalia kiwango cha maji tangini. Fungua chujio lililo kabla ya pampu na ulisafishe. Soma joto la maji yakiingia na yakitoka kwenye evaporeta: tofauti ya kawaida ni nyuzi 5. Ikiwa 9 au 10 chila ikiwa na mzigo wake wa kawaida, maji ni machache. Ikiwa 2 na bado presha iko chini, hapo gesi inaweza kushukiwa.

Kama chujio ni safi na pampu ni nzima, sahani zina gamba la chumvi za maji. Zungusha maji yenye asidi ya sitriki ya asilimia 5, yaliyopashwa hadi nyuzi 40 au 50, kwa saa 1 hadi 2 kwa pampu ndogo ya pembeni, ukiyapitisha kinyume na mkondo wa kawaida. Suuza, zungusha magadi ya kuokea ya asilimia 1 kwa dakika 15, suuza tena. Kompresa iwe imezimwa muda wote huo. Baadaye jaza maji laini, si ya kisima.

Kondensa nayo ioshwe kwa maji ya presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje, na iwe angalau mita 1 kutoka ukutani. Karibu na kinu cha unga ioshwe kila wiki.

Maji yakishakuwa sawa, gesi yote itolewe kwa mashine ya kuikusanya na irudishwe kwa mizani, kilo zilizoandikwa kwenye kibao cha chila. Kabla ya kuirudisha pima uvujaji kwa naitrojeni na sabuni. Gesi za R407C na R410A ni michanganyiko, ziingie zikiwa kimiminika. Kama kibao kinasema R22, anza kupanga kuibadilisha, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Montreal nchi kama yetu zinaiondoa kufikia 2030.

Jambo moja zaidi kwa mafundi wa Bonde la Ufa. Geji husoma presha juu ya ile ya hewa inayoizunguka, na chati za gesi zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi. Geji ikisoma psi 28 kwa gesi ya R134a, chati itasema gesi iko nyuzi 0, kumbe iko karibu −2. Nakuru toa psi 3 kabla ya kusoma chati, Kisumu toa 2. Asiyefanya hivyo atadhani kuna nafasi kabla ya kuganda, na nafasi hiyo haipo.

Tunatengeneza madigadi na vifuniko vya taa za pikipiki kwa plastiki ya polipropilini. Vinapinda vikishatoka kwenye kalibu. Tumepunguza joto la chila hadi nyuzi 8 na hali ni mbaya zaidi.
*Kiwanda cha plastiki, Kisumu*

Rudisheni 24 au 25. Kitu hupinda kwa sababu upande mmoja ulipoa kabla ya mwingine. Polipropilini husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2.5, na upande uliobaki na moto husinyaa mwisho ukauvuta ule mwingine. Maji ya nyuzi 8 yameongeza pengo hilo. Tena kwa unyevu wa Kisumu, kalibu inatoa jasho, matone yanaacha alama kwenye madigadi, na chuma kinaota kutu.

Pimeni nusu zote mbili za kalibu kwa kipimajoto cha kugusa, mara tu kitu kinapotoka. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 5, rekebisheni maji ya nusu yenye moto. Mara nyingi ni ile yenye kiini, kwa kuwa plastiki inaikumbatia na njia zake za maji ni nyembamba. Njia ya milimita 8 inahitaji karibu lita 4 kwa dakika ili maji yavurugike ndani. Yakipita kimyakimya, tabaka lililogusa chuma linabaki palepale na joto halitoki. Maji yanayotoka yasizidi yanayoingia kwa zaidi ya nyuzi 3.

Kwa ukubwa wa chila, kilo 15 za polipropilini kwa saa zinahitaji tani 1 hivi. Na msikimbilie kufungua kalibu mapema. Zaidi ya nusu ya muda wa kila mzunguko ni kupoza, na sekunde mnazoiba hapo mnazilipa kwa vipande vya kutupa.

Nimenunua chila iliyotumika. Inanguruma sana, haipozi, na mabomba yote mawili ya gesi yana joto sawa.
*Msomaji, Busia*

Zima sasa hivi. Kompresa ya skroli inazunguka kinyume, nayo huharibika ndani ya dakika chache. Umeme wa fezi tatu umeungwa kwa mpangilio usiofaa. Badilishanisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu kwenye swichi kuu inayoleta umeme, si ndani ya chila, ili kompresa, pampu na feni zirekebike pamoja. Weka rilei ya kulinda fezi, maana ikipotea fezi moja au zikigeuzwa baada ya ukarabati wa laini, itazuia mashine isiwake. Na kwa kuwa ilikaa bila umeme, acha hita ya mafuta ya kompresa iwake kwa muda wa saa 12 kabla ya kuwasha kompresa tena.

Je, ni lazima nitie glaikoli kwenye maji?
*Fundi, Kakamega*

Glaikoli ni kimiminika cha kuzuia maji yasigande. Hapana, huihitaji kama maji yako yako juu ya nyuzi 5. Glaikoli ni nzito, inapunguza uhamishaji wa joto na kuichosha pampu. Tia dawa ya kuzuia kutu tu. Usimimine kulanti ya gari iliyobaki gereji, kwa kuwa dawa zake huacha utelezi kwenye sahani nyembamba.

Kiwanda kiko karibu na ziwa. Naweza kuvuta maji ya ziwa moja kwa moja kupoza mashine?
*Msomaji, Kisumu*

Moja kwa moja, hapana. Tope, mwani na mizizi ya magugu maji itaziba njia za milimita 8 ndani ya wiki. Unachoweza ni kuyatumia upande mmoja wa kibadilisha joto kinachofunguka kwa boliti ili kisafishwe, na maji laini ya mashine yazunguke upande wa pili. Mbele ya pampu weka vichujio viwili sambamba, kimoja kikisafishwa kingine kifanye kazi. Utahitaji kibali cha kuvuta maji kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kuyarudisha yakiwa na joto. Ombeni vyote viwili kabla ya kuchimba mtaro wa bomba.